Shali ya Shangazi Arame

"Shusha kidogo. Aa, umepitiliza. Pandisha. Hapo. Hapo hapo, Birane, usipumue."

Birane Ndao, juu ya ngazi, hakupumua. Taa aliishika kwa mkono mmoja, koleo kaliuma kwa meno, na jasho lilimtiririka shingoni likaingia ndani ya shati jipya alilolivaa kwa ajili ya jioni ile. Chini yake Ngone Thiam alirudi nyuma, akakunja mikono, akaitazama kazi yake kama muuza samaki anavyomtazama mteja wa kwanza wa asubuhi: kwa hamu, na bila imani.

Lilikuwa pazia refu kutoka darini hadi sakafuni. Kalifua kwa masufuria makuukuu, kila sufuria limepondwa hadi likawa jepesi kama jani kavu, kisha likatobolewa kwa nakshi zile zile ambazo mababu zake walizitia kwenye bangili za fedha za wake za watu. Mwanga wa Birane ulipopenya, ukuta mzima mweupe ulichanua maua. Na maua mengine yakamwangukia Ngone mwenyewe, usoni, mabegani, kifuani, mpaka Birane akasahau kwamba ameambiwa asipumue au apumue.

"Unatazama kazi au unamtazama mwenye kazi?" Ngone aliuliza bila kuinua macho.

"Sioni mpaka uko wapi."

"Basi shuka kabla hujaanguka."

"Nikianguka utanidaka?"

"Mikono hii imedaka mazito kuliko wewe. Shuka."

Ulikuwa mwezi wa tamasha kubwa la sanaa, na Dakar nzima ilikuwa imetundika picha. Ua wa fundi cherehani una picha, duka la dawa lina picha, hata kinyozi wa mtaa wa pili kaweka sanamu kati ya wembe na kioo. Ghala hili la zamani la mafuta ya karanga, ambalo siku za joto bado kuta zake zilinukia karanga, Madamu Kumba alilipaka chokaa akalifanya ukumbi wa maonyesho. Na mlangoni, kwa herufi kubwa kama mikate, aliandika jina moja tu: NGONE THIAM. Miaka yote kazi za mikono ya Ngone zilikuwa zikiuzwa kama kazi za "yule sonara wa Rufisque". Leo zilikuwa na mwenyewe.

Birane alishuka, akafuta mikono kwenye kitambaa, akasimama karibu naye kuliko kazi ilivyohitaji.

"Nina habari," alisema.

"Nzuri, au za kwenu?"

Birane alicheka, lakini kicheko kilifupika njiani. "Za kwetu. Na safari hii ni nzuri. Shangazi Arame anakuja leo."

Ngone aligeuka. Shangazi Arame, dada mkubwa wa marehemu baba yake Birane, ndiye aliyekuwa mlango wa ukoo ule. Bila yeye hapakuwa na ndoa wala mazishi. Na mara zote Birane alipolitaja jina la Ngone nyumbani, mlango ule ulifungwa. Mara ya kwanza walicheka. Mara ya pili walinyamaza. Mara ya tatu mama yake Birane akaugua kwa makusudi, akalazwa chumba cha mbele ili kila mgeni amwone.

Si kwamba walimwona Ngone mbaya. Afadhali wangemwona mbaya. Ubaya una dawa. Walimsifu. Walisema ana adabu, ana mikono ya dhahabu, anamheshimu mkubwa na mdogo. Ila kazaliwa kwenye moto. Ndao ni waungwana, Thiam ni wahunzi, na mwungwana haoi mhunzi. Watu hao hao wamesoma wakamaliza vyuo, wamepanda ndege, wameozesha watoto wao kwa wageni wa nchi ambazo hata jina hawawezi kulitamka. Lakini mtoto wa mwungwana akimtaja binti wa mhunzi kwa jina la mke, nyumba nzima hushika kichwa. Na Birane mwenyewe kutwa kucha alishinda na koleo, nyaya na nyundo. Lakini nyundo ya Ndao huitwa kazi. Nyundo ya Thiam huitwa ukoo.

"Anakuja kufanya nini?" Ngone aliuliza.

"Kukuona! Ngone, yeye mwenyewe kasema. Na anakuletea kitu." Birane alishusha sauti kama mtoto anayeficha peremende. "Shali ya bibi. Ile ya kufumwa, nyeupe na samawati. Hajawahi kumpa mtu. Nilimwona akiifukiza udi jana."

Kwa muda mfupi, mfupi sana, moyo wa Ngone uliruka. Kisha ukatua, ukakaa kimya, ukafikiri.

"Atanipa wapi?"

"Wapi vipi?"

"Ndani au hapa?"

"Hapa, nadhani. Mbele ya watu. Si ndiyo heshima?"

"Anakuja peke yake?"

"Na Mama Fatim."

Mama Fatim Mboup alikuwa manju wa ukoo wa Ndao. Kazi yake, na ya mama yake kabla yake, ilikuwa kuwatangulia Ndao na kuwasifu mpaka watoe, na wakitoa kuwasifu mpaka majirani wajue wametoa.

"Anakuja na manju," Ngone alisema polepole. "Birane. Kola ya posa, zile kokwa za kutafuna, imepelekwa kwa baba yangu?"

"Bado, lakini..."

"Mchumba hutanguliziwa nini? Wewe ni mtoto wa Louga, usijifanye umezaliwa kwenye taa. Hutanguliziwa nini?"

"Kola."

"Kwa nani?"

"Kwa baba yake. Ndani." Sauti ya Birane ilianza kupungua.

"Ndani, kwa wazee, kwa sauti ya chini. Sasa nguo ya begani, mbele ya watu, manju akipiga kelele, kabla ya kola, hupewa nani?"

Birane alikikunja kile kitambaa cha mikono, akakikunjua.

"Hupewa mhunzi wa ukoo," Ngone alimjibia. "Nikishaipokea mbele ya Dakar nzima na nikashukuru, mimi ni mhunzi wenu. Na hakuna anayeoa mhunzi wake. Shangazi yako hajaja kufungua mlango, mpenzi wangu. Kaja na kufuli, kalifukiza udi."

"Wewe unawaza mabaya mno."

"Mimi nakumbuka."

Ngone alikuwa na miaka tisa, huko Louga kabla hawajahamia Rufisque, siku ya kumpa jina mtoto mmoja wa Ndao; huenda ni mdogo wake Birane, huenda ni binamu yake. Mama yake Ngone aliamka alfajiri kunyonyoa kuku. Alibeba masinia, aliwashikia waungwana beseni wanawe mikono, hakukaa. Alasiri Arame, kijana enzi hizo, bangili mpaka kwenye kiwiko, bangili alizofuliwa na Masamba Thiam, baba yake Ngone, alivua kitenge cha begani akamtupia mama yake Ngone mbele ya watu. "Huyu ni mhunzi wetu, hajawahi kutukosea!" Mama akakifunga kichwani, akacheza, akapaza sauti kushukuru, na Ngone naye akapiga makofi kwa sababu mama yake alikuwa akitazamwa. Walipofika nyumbani mama alikikunja kile kitenge, akakizika chini kabisa ya kasha, na mpaka anakufa hakukivaa hata mara moja. Mwenye kovu usidhani kapoa.

"Sikiliza," Birane alisema, akamshika viganja vyote viwili. Vilikuwa viganja vigumu, vimeungua hapa na pale, na alivipenda kuliko vyote alivyowahi kuvishika. "Yeye ni mzee. Ana njia zake. Tukimpa hiki kidogo, kesho atatupa kikubwa. Pokea tu, Ngone. Ni kitambaa."

Ngone alitoa mikono yake taratibu.

"Sema tena."

"Nimesema pokea, yaishe. Ni kitambaa tu."

"Kumbe." Macho yake yalimeremeta, na haikuwa taa. "Mimi nilidhani nimependwa na mwanamume. Kumbe nimependwa na tarishi. Nenda ukaoge, Birane, unanuka jasho. Na ukirudi, angalia vizuri pa kusimama. Chumba hiki ni kikubwa, lakini leo kina pande mbili tu."

"Ngone..."

"Nenda."

Akaenda. Ngone aliyafuta machozi kwa mgongo wa mkono, akaokota kipande cha waya sakafuni, akaenda kumtafuta Madamu Kumba.

*

Watu walianza kumiminika jua likiwa bado lipo. Walikuja wanunuzi na viatu vya ngozi, wakaja wanafunzi waliokuja kwa ajili ya sambusa za samaki, wakaja wageni walioinamisha vichwa mbele ya pazia na kusema "mmh" kwa lugha mbalimbali. Bilauri za juisi ya rozela zilipita. Nyuma ya pazia watoto wa mtaani kwao Rufisque walikuwa wakicheza kukanyaga maua ya mwanga.

Na kwenye kiti cha mbele, amevaa kanzu aliyoinunua kwa ajili ya mazishi ya mkewe, alikaa Masamba Thiam, sonara, baba yake Ngone. Kila mtu aliyempa mkono alimwambia, "Hongera, Baba," naye kila mara aliinuka nusu, kana kwamba kiti si chake.

"Kaa, Baba," Ngone alimwambia. "Leo ni wewe wa kuinukiwa."

"Nimekaa, mwanangu. Ni magoti tu yamezoea." Alilitazama pazia. "Hii nakshi ya pembeni ni ya babu yako. Umeipindua."

"Nimekosea?"

"Umeipindua," alirudia Masamba, na tabasamu lilimponyoka. "Angefurahi. Kisha angekupiga."

Ndipo sauti ikatangulia mlangoni.

"Ndao! Ndao! Watu wenye ghala zisizoisha! Ndao, mtoto wa waliotoa farasi pamoja na tandiko lake!"

Mama Fatim aliingia kwanza, mwili wake mkubwa ukitetemeka kwa maneno, mkono mmoja juu. Nyuma yake aliingia Shangazi Arame. Alivaa vazi la bazini, kitambaa kigumu cha rangi ya dhahabu kilichopigwa kwa magongo hadi kung'aa kama kioo, na begani, juu ya dhahabu yote ile, shali nyeupe na samawati. Alikuwa mrefu, mzuri bado, na alitembea kama mtu ambaye hajawahi kuambiwa apishe. Harufu ya udi ikaifukuza harufu ya karanga. Nyuma yake kabisa, ameoga, amenyoa, ameinamisha uso, aliingia Birane. Alisimama karibu na mlango. Hakuwa upande huu wala upande ule.

Ngone alimwona. Macho yao yalikutana, na Birane ndiye aliyeyaondoa.

"Huyo ndiye binti?" Shangazi Arame alisema kwa sauti ya kusikika. "Njoo, mwanangu, nikuone. Umekuwa! Mama yako alikuwa mtu wangu kabisa."

"Karibu, Mama Arame. Umetuheshimu."

"Nimeambiwa umetundika masufuria." Alilitazama pazia, na kwa kweli lilimshtua, maana alirudi hatua moja nyuma. "Mikono haipotei kwenye damu. Masamba! U mzima?"

"Mzima, Mama, mzima, tunamshukuru Mungu kwa ajili yenu," Masamba alijibu, keshasimama.

"Sikilizeni!" aliita Mama Fatim. "Arame anataka kusema, na Arame hasemi mkono mtupu!"

Watu walisogea. Simu zilitolewa. Wageni walitabasamu, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Wenyeji hawakutabasamu, wenyeji walijua wanachokitazama.

Shangazi Arame aliivua shali taratibu, pindo kwa pindo, akainyoosha mbele yake.

"Hawa Thiam," alisema, "walimfulia bibi yangu, wakamfulia mama yangu, wakanifulia mimi. Hawajawahi kutukosea. Leo mtoto wao kafanya vizuri, na Ndao hawasahau watu wao. Mhunzi wetu, pokea."

Ukumbi ulitulia hadi taa zikasikika zikiunguruma.

Na katika utulivu ule, kabla Ngone hajasema neno, Masamba Thiam alipiga hatua. Hakufikiri. Miaka sabini ilifikiri kwa niaba yake. Viganja vyake viwili vilifunguka, vikaungana, vikanyooka mbele kumpokelea mwanawe, na mdomo wake ukaanza kushukuru wenyewe: "Ndao, Ndao, Mungu awazidishie..."

Ngone aliona viganja vile, akahisi kisu. Akikataa, anamwaibisha baba yake mbele ya watu, mzee ambaye mikono yake imeshanyooshwa. Akikubali, amejizika. Shangazi Arame naye alilijua hilo. Ndiyo maana alimwita mzee kwa jina.

"Baba," Ngone alisema, kwa upole mkubwa, akaviweka viganja vyake juu ya vya baba yake, akavifunga. "Subiri. Usiiguse kwa mikono. Kitu cha thamani hivi hakishikwi kwa mikono mitupu humu ndani. Madamu Kumba! Glavu!"

Madamu Kumba, mwanamke mwembamba wa Saint-Louis ambaye miwani yake haikuwahi kukaa sawa, alikuja akivaa zile glavu nyeupe wanazobebea kazi za sanaa. Hakuuliza kitu. Aliipokea shali kutoka mikononi mwa Shangazi Arame kama mtu anayepokea mtoto mchanga, na kabla mwenyewe hajafumba mdomo, aliipeleka kwenye ukuta mtupu ulio kando ya pazia, akaitundika kwa vibanio viwili vya waya. Kisha akatoa kadi mfukoni, akaandika, akaibandika chini yake. Akaisoma kwa sauti, maana wenye simu walikuwa wakimwomba:

"Shali ya kufumwa. Mali ya Bi Arame Ndao wa Louga. Imeazimwa na mwenyewe. Itarudishwa siku ya kufunga maonyesho."

Mtu mmoja nyuma alipiga makofi. Mwanafunzi mmoja akasema, "Haya mambo!" Kicheko kikaanza huku, kikavuka kule.

Shangazi Arame hakucheka. "Imeazimwa? Mimi siazimi, binti. Mimi hutoa."

"Najua, Mama. Umetoa miaka mingi. Leo azima tu, upumzike."

"Nimekupa wewe!"

"Mimi sijaigusa. Watu wameona." Sauti ya Ngone ilitetemeka, akaiacha itetemeke, hakuificha. "Ila kama unaitaka, ipo pale, ichukue. Ni yako. Imeandikwa."

Hapo ndipo Arame alipokwama. Mwungwana aliyetoa mbele ya watu, arudi kuinua mkono ukutani avue alichokitoa? Wajukuu wake wangechekwa. Aiache? Basi ataitwa mwenye kuazima, jina lake limeandikwa chini ya kitambaa chake, na wageni wanakipiga picha.

Mama Fatim, ambaye mkono wake ulikuwa bado juu kwa ajili ya sifa, aliushusha polepole. Alimtazama Ngone kutoka kichwani hadi miguuni. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyemlipa aitoe, akasema jina moja: "Thiam."

"Nyamaza, Fatim!" Shangazi Arame aligeuka, bazini ikapiga kelele. "Masamba! Hivi ndivyo ulivyomlea?"

Mzee alikuwa bado kashikwa viganja na mwanawe. Alivitazama. Alilitazama pazia, nakshi ya babu iliyopinduliwa. Mdomo wake ulifunguka, na wote waliomfahamu walisubiri shukrani, radhi, dua.

"Ndiyo, Arame," alisema.

Basi. Hakuongeza Mama, hakuongeza Mungu awazidishie. Na alipomaliza, alikaa kwenye kiti chake chote.

"Birane!" Sasa sauti ya Shangazi Arame ilikuwa kali. "Umemwona mke unayemtaka? Umemwona? Nitoe hapa. Nishike mkono, twende."

Birane alitoka mlangoni. Watu walimpisha. Ngone alimwona akipita, uso umekauka, hakumtazama yeye, hakumtazama shangazi yake, na moyo wake ulimwambia, sawa, tumekuwa tukijua. Alikaza meno. Hatayaona machozi yangu, alijiambia. Hata kama nitalia mwaka mzima, hili moja hatalipata.

Lakini Birane aliupita mkono wa shangazi yake ulionyooshwa. Alikwenda pembeni, akarudi na ngazi. Akaitegemeza ukutani, akapanda na viatu vyake vya kung'aa, akageuza taa moja mpaka ikaangukia shali na kadi iliyo chini yake, kila herufi ikasomeka.

"Wewe! Unafanya nini huko juu?"

"Kazi yangu, Shangazi. Kitu kikitundikwa humu lazima kiwe na taa."

"Shuka!"

"Nashuka. Ila kwanza nijibu." Sauti yake haikuwa kubwa, alikuwa na aibu, na aibu ile ilimfanya aeleweke. "Leo mchana mimi nilimwambia huyu binti apokee. Nilimwambia ni kitambaa tu. Nimeoga nikilifikiria neno hilo, nimevaa nikilifikiria. Kama ni kitambaa tu, Shangazi, mbona hukumpa ndani? Mbona Mama Fatim amekuja?"

"Usiniulize mimi mbele ya..."

"Mbele ya watu. Ndiyo. Wewe ndiye uliyetaka watu." Akashuka, akasimama sakafuni, na safari hii upande aliosimama ulionekana. "Nitamwoa Ngone Thiam. Akinikubali. Na kama hatanikubali, kosa ni langu, si la damu ya mtu."

Shangazi Arame alimsogelea mpaka penye ngazi. Alipoongea, hakupaza sauti, na hilo lilitisha zaidi.

"Baba yako amekufa mara moja tu, Birane. Leo umemuua mara ya pili. Usije kwangu na maneno. Hakuna mjomba, hakuna baba mdogo, hakuna hata mbwa wa Ndao atakayekupelekea kola." Alitazama bega lake lililobaki tupu, akalifunika kwa kiganja, akatoka. Hata alivyotoka, watu walimpisha. "Fatim! Gari!"

"Nakuja, nakuja," Mama Fatim alisema, akachukua sambusa. Hakwenda popote.

*

Juisi zilianza kupita tena. Wageni walikuwa wamejaa mbele ya shali kuliko mbele ya pazia, na Madamu Kumba alikuwa akiwafukuza kama kuku. Birane alimfuata Ngone mpaka uani, ambako Masamba alikuwa amehamishiwa kiti apate hewa, na Mama Fatim alikuwa amekalia kreti, anakula.

"Ngone."

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Ulisema ni kitambaa tu. Mama yangu alikufa na kitambaa kama kile chini ya kasha. Wewe umekuwa mtu leo jioni. Mimi nilihitaji mtu tangu mchana."

"Najua." Hakujitetea. "Nitaleta kola Ijumaa."

Masamba alikohoa. "Atakayeileta nani? Mtu hajibebei kola mwenyewe, kijana. Hajibebei hata kama ni yatima."

"Basi mimi ni yatima tangu leo jioni, Baba. Nitajibebea."

"Mnasikia upuuzi huu?" Mama Fatim alimeza. "Kola hubebwa na manju. Mimi nimezibeba za Ndao miaka yote, za ndoa nzuri na za ndoa za kipumbavu, hakuna aliyeniuliza nazipeleka wapi. Za huyu nitazibeba. Na asinilipe, akinilipa nitamtukana."

"Arame atakufukuza, Fatim," Masamba alisema.

"Anifukuze aone nani atamwambia kwamba yeye ni nani." Akacheka mpaka kreti ikalia.

Ngone hakucheka. Alikuwa akimtazama Birane: kola ya shati imelowa, vidole vyenye madoa ya nyaya, macho yale ambayo alikuwa ameyapenda kwanza kabla hajajua jina lake la ukoo, na ambayo, Mungu anajua, alikuwa anayapenda bado, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi.

"Baba ndiye atakayeamua kama anaipokea au anaiacha," alisema. "Na akiipokea, mimi ndiye nitakayeamua kama nakusamehe."

"Sawa."

"Njoo mchana. Baada ya sala, watu wakiwa milangoni."

"Nitakuja mchana. Nitaazima gari la Madamu Kumba, nitamleta Mama Fatim mpaka dukani kwa Baba."

"Gari la nini?"

"Kutoka stesheni ya Rufisque mpaka kwenu ni mbali, na jua la Ijumaa..."

"Mama Fatim apande gari. Wewe utatembea." Alimsogelea, karibu kuliko alivyomsogelea siku ile yote, akamnyooshea kola ya shati kwa vidole vyake vigumu. "Sokoni kote, barabara ya masonara yote, mbele ya kila mtu anayejua Ndao ni nani na Thiam ni nani. Gari lina vioo, Birane. Mimi nataka wakuone uso."